Kompyuta hukumbuka ukiiaga tu

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu wiki mbili. Wale walioniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, sijaacha. Nilikuwa na hasira na kompyuta, na kabla ya kuandika nilitaka kwanza nijue ninayemkasirikia ni nani hasa. Sasa nimeshajua, au nadhani nimejua.

Kisa chenyewe kifupi. Ilikuwa Alhamisi, kama saa kumi na mbili na robo jioni. Nilikuwa namalizia habari ya fedha za barabara katika halmashauri moja (siitaji, habari bado haijaisha). Nilikuwa na madirisha kumi na moja wazi. Kushoto ripoti ya ukaguzi, ukurasa wa 112. Kulia lahajedwali ya malipo. Chini yake kidirisha cha sauti, mahojiano na mkandarasi, nimeyasimamisha dakika ya 37 pale anapojikanyaga mwenyewe. Eneokazi la pili habari yenyewe, na pembeni maandishi yangu ya haraka haraka. Eneokazi la tatu kivinjari, vichupo kumi na vinne. Mtu asiyefanya kazi hii akiangalia ataona fujo. Kwangu mpangilio ule ulikuwa ndiyo hoja yenyewe: hiki kimekaa kando ya hiki kwa sababu kimoja kinakikana kingine.

Umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika inazimika papo hapo, kama taa ya sebuleni.

Ulirudi baada ya dakika ishirini hivi. Mhariri wa zamu alikuwa ameshapita mara mbili. "Mdogo wangu, ukurasa unafungwa saa mbili." "Nipo bosi, inawaka." Kivinjari kikaniomba radhi, kikauliza kama nataka vichupo vyangu. Nikabonyeza, vikarudi vyote kumi na vinne. Programu ya kuandikia ikasema imeliokoa faili langu, na kweli nilikuwa nimepoteza aya moja tu. Nikaanza kutabasamu. Ndipo eneokazi nalo likaamua kunisaidia. Likafungua madirisha matano ambayo sikuyaomba, yote ya Jumatatu.

Kwa nini Jumatatu? Kwa sababu Jumatatu ndiyo siku ya mwisho niliyoondoka kwa adabu, nikabonyeza "toka" na kusubiri izime. Siku nyingine zote nilikuwa nafunga mfuniko tu ikalala, nikaiacha ofisini imechomekwa. Basi kumbukumbu yake ya mwisho ya meza yangu ilikuwa ya Jumatatu, na kati ya madirisha yale matano moja lilikuwa folda ya habari nyingine kabisa, yenye mafaili mawili ambayo mimi, kwa uzembe wangu, nilikuwa nimeyaita kwa jina la mtu aliyenipa nyaraka kwa sharti kwamba asijulikane. Nyuma yangu alisimama mhariri, na kando yake kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Nikafunga haraka. Sijui kama walisoma. Sikuwauliza, maana kuuliza kungekuwa ni kuwaambia wasome.

Kwa hiyo mashine ilisahau nilichokihitaji, na ikakumbuka kile ambacho ningetaka kifichwe. Nilipochimba nikagundua kuwa makosa hayo mawili yana mzizi mmoja.

Tuanze na majina, nisije nikawapoteza. Wengi wetu tunadhani kinachoonyesha madirisha ni "kompyuta" tu, kitu kimoja. Kwenye Linux na jamaa zake si kimoja. Chini kabisa, kwa miaka mingi, kumekuwa na X Window System, iliyozaliwa MIT mwaka 1984 na kufikia toleo la 11 mwaka 1987. X inachora na kupokea kibodi na kipanya, basi. Haijali dirisha likae wapi. Hiyo ni kazi ya programu nyingine, msimamizi wa madirisha. Yeye ndiye anayelivisha dirisha fremu na kichwa, anayelisogeza ukilivuta, anayelificha, anayelipeleka eneokazi la pili. Wasimamizi hawa ni wengi, na unaweza kumtoa mmoja ukamweka mwingine, kama daladala inavyobadilisha konda bila kubadilisha gari.

Na kipindi ni muda wote kuanzia unapoingiza neno la siri hadi unapotoka, pamoja na kila ulichofungua humo katikati. Kukihifadhi maana yake ni kwamba kesho ukiingia ukute meza yako kama ulivyoiacha.

Sasa, kuikumbuka meza kunahitaji watatu wakubaliane. Programu inajua kilicho ndani yake: faili gani, ukurasa wa ngapi. Msimamizi wa madirisha anajua dirisha liko wapi na lina ukubwa gani, lakini hana habari kama ndani kuna barua au picha ya harusi. Wa tatu ni wa kuwakutanisha hao, msimamizi wa kipindi. X11R6 ilipotoka mwaka 1994 ilikuja na itifaki ya watatu hawa kuzungumza, inaitwa XSMP. Niliisoma Ijumaa usiku na Jumamosi. Nilidhani itanipa usingizi, ikaninyima.

Ni hivi. Ukibonyeza kuondoka, msimamizi wa kipindi anazitumia programu zako ujumbe uitwao SaveYourself, yaani jihifadhi. Ujumbe unakuja na maagizo yake. Je, programu iandike kwenye faili lenyewe la kudumu, au ijiandikie tu pembeni jinsi ilivyo, ili irudi hivyo hivyo bila kuligusa faili? Je, inaruhusiwa kumuuliza mwenye kompyuta? Inayotaka kuuliza ("hii barua niihifadhi au niitupe?") inaomba zamu kwanza, zisije zote zikakurukia kwa pamoja. Ikimaliza inamwachia msimamizi amri ya kuiamsha tena, na amri nyingine ya kufuta ilichojiandikia pale kipindi kitakapokuwa hakihitajiki. Msimamizi wa madirisha anasubiri wenzake wote wamalize, ndipo katika awamu ya pili aandike orodha yake: dirisha la kitambulisho hiki lilikuwa hapa, upana huu, urefu huu, eneokazi hili. Mwisho kabisa unakuja ujumbe wa neno moja, Die. Kufa. Kesho yake programu zinaamshwa na vitambulisho vyao vile vile vya jana, msimamizi wa madirisha analinganisha na orodha yake, na kila mmoja anapewa kiti chake.

Mimi nimekaa kwenye vikao vingi vya harusi, na nakwambia huu ni utaratibu wa kikao cha harusi kabisa: mwenyekiti, zamu za kuongea, muhtasari wa kikao, sala ya kufunga. Ni kazi nzuri. Walioiandika walikuwa watu makini kuliko wengi walioitumia baadaye.

Lakini angalia unaanzia wapi. Katika matumizi ya kila siku unaanza na wewe kuaga. Usipoaga hakuna kikao, na kisipofanyika kikao hakuna muhtasari.

Msiseme kwamba hawakufikiria umeme. Walifikiria! Ndani ya ujumbe ule wa SaveYourself kuna kipengele kidogo kinachoiambia programu ifanye haraka iwezekanavyo, na mfano wanaoutoa kwenye maelezo ni pale msimamizi wa kipindi anapojua kuwa umeme unakaribia kukatika. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu usiku. Anapojua! Mwaka 1994, mahali ambapo mashine ina kifaa cha betri chini ya meza kinachopiga kelele "jamani, nimebakiza dakika tano", hilo lina mantiki. Sisi umeme wetu haupigi hodi. Unakatika katikati ya sentensi, na wakati mwingine unarudi, unakaa sekunde nne, unakatika tena ili kuhakikisha.

Lipo na jingine, na hili ndilo lililoniudhi zaidi. Itifaki ile ile inaruhusu msimamizi wa kipindi aseme "jihifadhini" bila kumfunga mtu. Yaani programu zinaandika hali zao, kisha zinaendelea na kazi kama kawaida. Msimamizi wa mfano aliyekuja na X, aitwaye xsm, alikuwa na kitufe cha kufanya hivyo wakati wowote. Kwa hiyo tangu 1994 hakuna kwenye karatasi kilichomzuia mtu kuandika msimamizi anayeitisha kikao kidogo kila baada ya dakika chache. Njia ilikuwepo. Walioijenga mitaa wakaamua kuiweka kwenye lango la kutokea tu.

Tazama yale yanayojulikana. KDE kwa miaka mingi imekuwa ikikupa chaguo tatu: urudishiwe kipindi cha mwisho, urudishiwe kile ulichokihifadhi mwenyewe kwa mkono, au uanze na meza tupu. Xfce inahifadhi unapotoka, na ukitaka ina kitufe cha kuhifadhi sasa hivi. Vitufe vipo, sikatai. Ila niambie ni nani anayebonyeza kitufe cha kuhifadhi meza saa kumi na mbili na dakika kumi na nne kwa sababu saa kumi na mbili na robo umeme utakatika. Huyo mtu hahitaji kompyuta, afungue ofisi ya utabiri.

GNOME wao walikwenda mbali zaidi, kwa upande mwingine. Mwaka 2008 walitoa toleo la 2.24 likiwa na msimamizi wa kipindi aliyeandikwa upya, na uwezo wa kuhifadhi kipindi ukawa haufanyi kazi. Watumiaji wakapiga kelele. Ziko hoja mbili ambazo nimezisikia mara nyingi katika ubishi wa namna hiyo, nami naziheshimu. Ya kwanza ni kwamba programu nyingi hazijajifunza kujibu vizuri ule ujumbe wa "jihifadhi", kwa hiyo unachorudishiwa ni nusu nusu: programu inafunguka tupu, mahali pake palepale, kama mtu aliyekuja kazini bila mkoba. Ya pili, kwamba kukumbuka ni jukumu la kila programu yenyewe, eneokazi lisijitie.

Hoja ya pili ina ukweli nusu. Kivinjari changu kilijikumbuka chenyewe na kilifanya vizuri kuliko wote. Lakini kivinjari hakijui kilichokuwa kando yake, wala ripoti haijui kwamba ilikuwa kando ya lahajedwali. Hakuna programu iliyo na habari za jirani yake. Aliye na habari za wote ni mmoja tu, msimamizi wa madirisha, na yeye ndiye anayengoja kuagwa.

Wapo wasimamizi wadogo wadogo waliojaribu njia zao, na hawa nawapenda kwa sababu hawana makuu. Window Maker, iliyoanza mwaka 1997, inaandika orodha ya programu zilizokuwa wazi na kuziamsha tena kwa amri zao, ila vilivyokuwa ndani havimhusu. Fluxbox unaiambia mara moja "kumbuka dirisha la programu hii likae hapa, eneokazi hili", inaandika kwenye faili, na ikishaandika hata umeme ukatike mara mia kanuni haipotei. Safi sana, isipokuwa hiyo ni kanuni ya siku zote, haijui meza ya leo. Na i3, tangu toleo la 4.8 la mwaka 2014, ina kifaa kinachochora mpangilio wa madirisha na kuutoa kama maandishi, ambayo inabidi uyahariri kwa mkono kabla ya kuyatumia. Ukiurudisha mpangilio huo unapata fremu tupu zinazosubiri wenyewe waje. Nilijaribu Jumapili. Skrini nzima viti vitupu, kama shughuli iliyoandikwa saa nane wageni wakafika saa kumi na moja. Kuwaita wageni ni juu yako.

Turudi kwenye kivinjari, maana ndipo penye somo. Firefox ilipotoa toleo la 2.0, Oktoba 2006, iliweka ndani yake uwezo wa kurudisha vichupo baada ya kuanguka. Jinsi inavyofanya ni rahisi mpaka inachekesha: haisubiri uiage. Inapoona kuna mabadiliko inaandika hali yake kwenye diski, na mpangilio wa kawaida kwa sasa ni kila baada ya sekunde 15. LibreOffice nayo ina akiba yake ya kuokolea, kwa kawaida kila dakika 10 (yangu nimeiweka 2, ndiyo maana nilipoteza aya moja tu). Programu hizi hazitofautishi sana kati ya kuzimwa kwa heshima na kuuawa. Zinajua kifo kitakuja, hazijui saa.

Wazo hili lina wenyewe. Mwaka 2003 George Candea na Armando Fox wa Stanford waliandika makala wakitaka programu zitengenezwe kwa njia moja tu ya kusimama, yaani kuanguka, na njia moja tu ya kuanza, yaani kujiokoa. Ukiwa na njia mbili za kusimama, ya heshima na ya ghafla, utaitunza ile ya heshima, na ile ya ghafla itakuja siku ambayo hukuijaribu. Hiyo ndiyo hadithi ya meza yangu, iliyoandikwa miaka mingi kabla.

Na simu iliyo mfukoni mwako inalijua hili. Android ilijengwa juu ya dhana kwamba mfumo unaweza kuiua programu yoyote wakati wowote kumbukumbu ikipungua, kwa hiyo programu inaambiwa ijiandikie hali yake mapema, kabla haijafa, siyo siku ya mwisho. Ndiyo maana mara nyingi ukirudi kwenye programu ya simu unaikuta ulipoiacha na wala hujui kwamba katikati ilikufa ikafufuka. Kifaa cha bei nafuu kinafanya hivyo, lakini kompyuta ya mezani inangoja kwaheri.

Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, lilikuwa jambo kubwa na bado ni kubwa. Ila nimekuwa nikifikiri wiki hizi kwamba tunaweza kutafsiri kila neno kwenye menyu, "Hifadhi", "Toka", "Ghairi", na bado chini ya maneno hayo imelala dhana ambayo hatukuitafsiri: kwamba mtu anaondoka kwenye kompyuta kwa hiari yake. Programu huria tumepewa ruhusa ya kuzibadilisha hadi ndani kabisa. Sisi tumeishia mlangoni.

Najua mtaniambia nini. Kuandika kila mara kunachosha diski. Ni kweli mwaka 2016 kulikuwa na malalamiko kwamba Firefox inaandika mno kwenye diski za kisasa kwa sababu ya hii kazi ya kuhifadhi vichupo. Lakini kivinjari kinaandika kurasa, fomu, historia ya kila kichupo. Msimamizi wa madirisha anaandika nini? Namba nne za kila dirisha, eneokazi lake, na jina lake. Madirisha yangu kumi na moja hayajazi hata ukurasa mmoja wa maandishi. Hapo hakuna hoja.

Hoja nzito ni ile folda.

Hapa inabidi niwe mkweli, kwa sababu ninachokidai kinalifanya tatizo langu la pili kuwa kubwa zaidi. Mashine inayoandika meza yangu kila dakika ni mashine inayoniandika mimi kila dakika. Angekuwa ni mtu mwingine amewasha kompyuta ile Alhamisi, angekaribishwa na folda ile kama mwenyeji. Na kwenye vyumba vingi vya habari nilivyoviona, kompyuta moja inatumiwa na watu watatu kwa jina moja la kuingilia na neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya skrini. Usicheke, unaijua hiyo karatasi. Pale, kurudisha kipindi maana yake ni kumrudishia Asha meza ya Juma. Apple walipoleta kitu cha namna hii kwenye Mac OS X Lion, Julai 2011, wako watumiaji waliolalamika kwamba yanarudi madirisha ambayo hawakutaka yarudi, ingawa wakati wa kutoka kulikuwa na kisanduku cha kukataa. Tena kisanduku chenyewe kiko wapi? Kwenye kuaga.

Kwa hiyo nasema kuandika na kurudisha ni mambo mawili, na kosa ni kuyafunga pamoja. Andika kila wakati, rudisha kwa ruhusa tu. Nikiingia, niulize kama kivinjari kinavyouliza: "Kipo kipindi cha Alhamisi saa 12:14, madirisha 11. Nirudishe?" Saa na idadi, basi. Usinionyeshe majina ya mafaili wakati bosi kasimama nyuma yangu. Na nipe namna ya kuligusa dirisha moja na kusema hili usilikumbuke kamwe. Vivinjari vina dirisha la faragha, ambalo haliingizwi kwenye kumbukumbu ya kipindi. Hata XSMP ina kitu kinachofanana, programu inaweza kutangaza kwamba isiamshwe tena, na kwenye Xfce mtumiaji mwenyewe anaweza kuibadilisha alama hiyo. Lakini ni kwa programu nzima. Siwezi kusema programu ya mafaili isirudi kabisa, ninayotaka isirudi ni folda moja.

Sasa kuna Wayland, inayochukua nafasi ya X. Plasma 6 ya KDE, Februari 2024, iliifanya kuwa chaguo la kawaida. Humo programu haiambiwi dirisha lake liko wapi kwenye skrini, wala haiwezi kujipangia mahali, kwa sababu za usalama ambazo sizipingi. Aliyekuwa msimamizi wa madirisha na aliyekuwa mchoraji wamekuwa mmoja. Itifaki ya kurudisha madirisha mahali pake humo imejadiliwa kwa miaka. Wengine wanalia kwamba Wayland imeua kuhifadhi kipindi. Mimi naona, kwa mara ya kwanza, habari zote za madirisha ziko mikononi mwa mmoja asiyehitaji kumwuliza mtu. Anaweza kuziandika kila sekunde akitaka. Nangoja nione kama ataziandika, au naye atangoja aagwe.

Kwa sasa nimejifanyia ya kienyeji. Bado natumia X, na kwenye X kuna programu ndogo iitwayo wmctrl, ukiipa amri ya wmctrl -lG inakutolea orodha ya madirisha yote: eneokazi, mahali, ukubwa, kichwa. Nimeandika mistari michache inayoiita kila baada ya sekunde 60 na kuandika matokeo kwenye faili lenye saa ndani yake, inabakiza kumi ya mwisho, mengine inafuta. Yale mafaili yako sehemu ya diski iliyofungwa kwa neno la siri, na kile cha kurudisha kipindi chenyewe nimekizima kabisa. Mafaili ya yule mtu nimeyabadilisha majina. Yanaitwa mapishi sasa, na tusiliongelee tena.

Mistari hiyo hairudishi chochote. Inaniachia orodha tu, mimi ndiye ninayepanga kwa mkono. Juzi umeme ukakatika tena, saa tano asubuhi, nikiwa na madirisha tisa. Uliporudi nikafungua orodha ya saa 4:58, nikayapanga moja moja: ripoti kushoto, lahajedwali kulia, ukubwa ule ule kwa sababu namba zipo. Dakika nne, labda tano. Kilichobaki ni yule mkandarasi. Kichwa cha dirisha la sauti kinataja jina la faili, hakitaji dakika, na safari hii sikuwa nimeiandika popote mahali pengine alipojikanyaga. Nikavaa spika za masikioni, nikaanza kumsikiliza upya tangu mwanzo.